Ninyi wa kuwasha fare zote (taa kali za mbali) barabara ya Kasumbalesa, mnatafuta maiti ya nani?

Wandugu, nimefika nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, saa tano usiku, macho yananiwasha kama nimekesha namenya vitunguu. Silali kabla sijasema. Atakayejiona humu asinune, atengeneze taa zake.

Kutoka Kasumbalesa, pale tunapopakana na Zambia, mpaka Lubumbashi ni kilomita 90 na kitu. Njia nzima nilikuwa nahesabu motokari zilizoweka kode, yaani taa za chini, kabla ya kunifikia. Tatu. Wengine wote walikuja na fare zimewaka mpaka wakapita mlango wangu. Nikiwaomba, nashusha taa, napandisha, nashusha tena, wananijibu kwa kuwasha na zile za juu ya kabini! Umwambie mtu amekukanyaga, naye aongeze mguu wa pili.

Kisa chenyewe ni hiki. Kamyo moja ya bluu, turubai ya kijani, taa tano juu ya kabini, ilinimulika nikiwa na mwendo wa 80. Mwendo huo unakula mita 22 kila sekunde. Nilikaa kipofu sekunde mbili, labda tatu, piga hesabu mwenyewe. Macho yaliporudi, mbele yangu upande wa kuume kulikuwa na baba anasukuma baiskeli ya makala (mkaa), magunia yamepangwa hadi kichwani, hana taa, hana hata kipande cha kitu kinachong'aa. Nilikata usukani. Kioo changu cha pembeni kiligusa gunia. Hakuanguka, Mungu ni mkubwa. Alinitukana kwa Kibemba, tusi refu, na alikuwa na haki, ila lilikuwa la shofere wa kamyo. Mimi nimelipokea kwa niaba yake.

Mtu asiniambie kwamba sheria hakuna. Tunayo Kode ya barabara, yaani sheria ya barabarani, tangu 1978, na Congo imo katika mkataba wa Vienna wa 1968, ambao unasema wazi: ukikaribia kupishana na mwenzako, shusha taa mapema, apite bila hatari. Ukimfuata mtu kwa karibu, shusha vilevile, maana vioo vyake vinamrudishia mwanga wako wote usoni. Hilo la pili ndilo hakuna anayelijua kabisa. Kuna mmoja alinifuata kilomita kumi nzima, ndani ya motokari yangu ungeweza kusoma gazeti.

Ajabu ni kwamba kidole cha kucheza na taa mnacho. Askari wakijibanza nyuma ya kichuguu kungojea watu, mnapigiana fare shofere kwa shofere, kilomita tano kabla, upendo mtupu. Hapo hakuna anayesahau.

Sasa kuna jambo ambalo hata wenye adabu hawalijui. Motokari zetu nyingi ni za volani (usukani) ya kuume, zimetoka Japani au zimepitia Zambia. Taa zake za chini hazimwagi mwanga sawasawa. Zimeundwa ziupandishe kidogo upande wa kushoto, kwa sababu kule wanatembea kushoto, na huko kushoto ndiko kwenye ukingo na watu wa miguu. Sisi tunatembea kuume. Basi ule mwanga uliopanda unakuja moja kwa moja machoni mwangu, na ukingo wako wa kuume, pale alipo baba wa makala, unabaki giza. Umeweka kode, unajiona mstaarabu, na bado unanichoma. Waingereza wakivuka na magari yao kwenda Ufaransa hubandika stika maalumu juu ya taa kuziba sehemu hiyo. Sisi tunabandika Yesu ni Jibu kwenye kioo cha nyuma, basi.

Na ninyi kaka zangu wa Dar mnaovuka mpaka na matrela, najua mnasoma hapa. Pale Kasumbalesa mnahama upande wa barabara, lakini taa zenu hazihami. Siwatukani, nawaambia tu.

Mafundi wa balbu nao! Balbu ya H4 ina nyuzi mbili, na chini ya ule wa kode kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipande. Taa yote imepimwa kwa uzi huo, pale pale ulipo. Wewe unang'oa, unapachika LED ya sokoni kwa sababu "inamulika sana, patron". Ndiyo, inamulika. Inamulika miti, inamulika popo, inamulika mimi.

Niungame kidogo, nisije kuumbuliwa. Mwaka jana nilitoka Kasumbalesa na unga wa Zambia, nimejaza nyuma kuliko inavyoruhusiwa, msiniulize kiasi. Kila niliyepishana naye alinipigia taa, nami nawatukana mmoja mmoja. Mama mwenye unga, amekaa pembeni yangu kimya, mwishowe akasema: "Papa, ni wewe unayewaka." Nikasimama, nikashuka kutazama. Nyuma imelala chini, pua inatazama nyota, na kode zangu zimekuwa fare. Kumbe kando ya usukani kuna kigurudumu kidogo chenye namba, ukiwa na mzigo unaongeza namba na taa zinashuka. Miaka minne nilidhani ni cha redio.

NYONGEZA: Ndugu mmoja ameniandikia pembeni kwamba bila fare huwezi kuona baiskeli, njia haina taa hata moja, na majira haya kuna moshi wa moto wa porini. Kuhusu giza ni kweli. Ukiwa peke yako washa zote, nani amekukataza? Ninasema juu ya zile sekunde za kupishana. Kode inakupa kama mita 40 za kuona, basi punguza mwendo utoshe mita 40, na macho yaweke kwenye ukingo wako wa kuume, usiyatazame yale mataa. Na moshi usiutaje kabisa, maana kwenye moshi fare zinakurudia mwenyewe.

Mwingine anasema "ni wao wanaanza". Papa, una miaka mingapi?

Wewe wa kamyo ya bluu, kama uko humu, jibu. Alhamisi narudi njia ile ile. Kioo changu sijakifuta, bado kina alama nyeusi ya makala.