Tunataka kuzamia pango la Chinhoyi hadi mita 45: mpango wetu una kasoro gani?

Mkaazi wa South B anauliza:

Wenzangu, salaam. Sisi ni watu watatu wa hapa Nairobi ambao huzamia Diani na Wasini kila likizo inaporuhusu, na kila mmoja wetu ana cheti cha daraja la pili pamoja na mizamio isiyopungua hamsini. Mapango nayo si mageni kwetu, kwa kuwa tumetembea ndani ya yale ya Mlima Suswa mara nyingi. Mwezi wa Agosti tunakusudia kwenda Zimbabwe, kwenye mapango ya Chinhoyi, ambako kuna bwawa la maji tamu ya samawati lenye kina kinachopita mita 80. Bwawa hilo liko wazi kwa juu, lakini lina njia zinazoingia chini ya mwamba, na hizo ndizo zinazotuvuta.

Mpango wetu ni huu: kila mtu atabeba mtungi mmoja wa lita 12 wenye hewa ya kawaida, uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo), pamoja na tochi moja. Tutashuka kando ya ukuta hadi mita 45, tuingie chini ya mwamba kwa dakika chache, kisha tugeuke geji itakaposoma bar 100, yaani nusu ya kwenda na nusu ya kurudi. Tutazamia mara mbili siku ya Jumamosi, na Jumapili asubuhi tupande ndege Harare kurejea kazini. Ningependa kujua kama nusu kwa nusu inatosha, na kama maji tamu yanabadilisha chochote katika risasi za mkandani, yaani vile vipande vizito vinavyomsaidia mzamiaji kushuka. Natanguliza shukrani.

Kamba na Tochi anajibu:

Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipia tiketi. Nilijifunza kuzamia mapango Afrika Kusini, na naomba nianze na hiyo nusu, maana hapo ndipo ningekuzuia hata kama mengine yote yangekuwa sawa.

Chukua dakika mbaya kuliko zote, yaani ile ambayo mko mbali zaidi na mlango, mitungi imefika bar 100, na kipumulio cha mwenzako kinaharibika. Sasa watu wawili wanavuta hewa kutoka mtungi mmoja uliobakiwa na lita 1,200. Chinhoyi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo mgandamizo katika mita 45 za maji tamu unakaribia bar 5.3. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa ametulia juu ya maji, atavuta kama lita 106 kule chini. Na akishtuka, hata tukimhesabia lita 30 tu za juu ya maji, ambazo ni chache kwa mtu aliyeshtuka kweli, atavuta lita 159. Wawili ni lita 318 kwa dakika. Gawanya 1,200 kwa hizo, upate muda usiofika dakika nne, na bado hamjapanda hata mita moja wala kusimama njiani kuitoa mwilini naitrojeni iliyoyeyuka humo kule chini, ili isifanye mapovu mnapopanda.

Ndiyo maana wazamiaji wa mapango hutumia kanuni ya theluthi: moja ya kuingilia, moja ya kutokea, moja ya mwenzako. Lakini hata hiyo usiione kuwa ni ukarimu. Anayegeuka akiwa na theluthi mbili, kisha akalazimika kumtoa mwenzake aliyeishiwa, anazo theluthi mbili kamili za kuwatosha wawili, bila lita moja ya ziada, na hesabu hiyo inadhani kwamba wote wawili wanapumua kwa utulivu uleule walioingia nao. Mimi katika pango lenye kina hugeuka nikishatumia robo tu, na hewa ya kusimamia njiani huihesabu kando, katika mtungi wake. Na mtungi mmoja wenye valvu moja haupaswi kupita chini ya mwamba kabisa. Hutumika mitungi miwili, kila mmoja na kipumulio chake, ili chochote kikiharibika kisifunge hewa yote.

Kuhusu Suswa, samahani nikisema wazi: mazoea hayo yanaweza kuwadhuru. Katika pango kavu taa ikizimika unaketi, unatulia, unawaza. Ndani ya maji tope laini likitibuliwa na pezi moja, mwanga wa tochi unageuka kuwa ukuta mweupe, na hapo njia ya kutoka ni kamba iliyo mkononi mwako tu, iliyofungwa mara ya kwanza kwenye maji yaliyo wazi na mara ya pili mara tu mnapoingia, bila kukatika hata hatua moja. Katika mpango wako sikuona neno kamba. Taa nazo ni tatu kwa kila mtu, si moja.

Sheck Exley, Mmarekani aliyechambua ajali nyingi za mapangoni katika miaka ya 1970, alikuta mambo yaleyale yakijirudia: kamba isiyofika maji ya wazi, hewa isiyotengwa kwa ajili ya kutoka, na kina kilichozidi. Baadaye wenzake waliongeza mafunzo na taa. Ukiupitisha mpango wako kwenye orodha hiyo, hauvuki hata kipengele kimoja.

Fundi wa Lang'ata anajibu:

Mwalimu hapo juu amemaliza suala la hewa. Mimi nina jambo moja ambalo sisi watu wa Nairobi tunalipuuza hata tunapozamia kwetu, nalo ni safari ya kurudi.

Miaka michache iliyopita nilizamia Diani siku tatu mfululizo, mara mbili kwa siku, na mzamio wa mwisho ulikuwa Jumapili asubuhi. Waliotuzamisha walituambia kwamba, maadamu hatupandi ndege, hakuna haja ya kusubiri. Saa saba mchana tulikuwa barabarani. Tulipofika Sultan Hamud kiwiko changu cha kushoto kilianza kuuma kwa ndani, kama jino bovu, na tulipoingia mjini vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilipewa oksijeni usiku kucha nikapona, lakini ndipo nilipoelewa kwamba Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa damu yenye naitrojeni ni sawa na kupanda ndege. Mapendekezo ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, yanahusu mwinuko wowote wa kuanzia kama mita 610 hadi 2,440: angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja usiohitaji kusimama njiani, angalau saa 18 baada ya mizamio mingi, na zaidi sana ya hapo kama mlilazimika kusimama. Kwa hiyo hata treni ya kutoka Mombasa imo katika hesabu hiyo.

Sasa rudi Chinhoyi. Harare iko karibu mita 1,490, kwa hiyo barabara yenyewe ya kwenda uwanja wa ndege, kilomita zipatazo 120, inawapandisha zaidi ya mita 300 kabla hamjaiona ndege. Mkizamia Jumamosi mchana mkaondoka alfajiri, mtakuwa mmefanya kosa langu mara mbili. Ahirisheni ndege hadi Jumatatu jioni.

Mwinuko huo unabadilisha pia mzamio wenyewe. Kinachoamua naitrojeni itatokaje mwilini ni uwiano kati ya mgandamizo wa chini na ule wa juu ya maji, na kule juu ya maji ni bar 0.88 tu. Mita 40 za Chinhoyi, ukishapunguza asilimia tatu hivi kwa kuwa maji tamu ni mepesi, zinahesabiwa kama mita 44 za baharini. Hakikisheni kompyuta zenu zimewekwa kwenye maji tamu na zinautambua mwinuko, kwa sababu nyingine za zamani haziutambui zenyewe. Risasi nazo hupungua: mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana uzito wa kilo 100 ataondoa kama kilo mbili na nusu. Mkibeba zile za Wasini mtazama kama mawe, mtajaza hewa kwenye jaketi la kuelelea kufidia, na miguu itaning'inia chini mahali palipo na tope.

Daktari Parklands anajibu:

Naongeza kuhusu mita 45 kwa hewa ya kawaida, kwa kuwa wengi hudhani tatizo lake ni ule ulevi wa naitrojeni peke yake, yaani kupumbaa akili kunakoletwa na gesi hiyo kwenye kina, ambao mtu hujiaminisha kwamba ameuzoea.

Hewa iliyogandamizwa ni nzito. Watafiti wa tiba ya uzamiaji wanapendekeza uzito wa gesi unayovuta usizidi gramu 5.2 kwa lita, na kwa vyovyote usipite 6.2. Hewa ya kawaida hufikia kiwango cha kwanza karibu na mita 30, na cha pili kabla ya mita 40; katika mita 45 za Chinhoyi mtakuwa kwenye gramu 6.8 hivi. Gesi nzito hivyo hufanya kifua kishindwe kutoa kabonidayoksaidi yote, hasa ukipiga mapezi kwa nguvu, na kabonidayoksaidi ikibaki huzidisha ulevi, huleta hofu isiyo na sababu na kumfanya mtu avute haraka zaidi bila kupata nafuu. Hesabu ya lita 30 aliyoitoa mwalimu haitafaa tena. Mchanganyiko wenye asilimia 21 ya oksijeni na 35 ya heliamu ungeishusha gramu hiyo hadi karibu 4.8, lakini huo una mafunzo yake na gharama yake, na sidhani mnauhitaji Agosti hii.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Boesmansgat, pango la maji tamu huko Afrika Kusini. Tarehe 8 Januari 2005 David Shaw alishuka mita 270 kumtoa kijana aliyefia humo mwaka 1994. Kamba ilimnasa, akaanza kuhangaika, na kamera iliyokuwa kichwani mwake ilirekodi pumzi zikienda mbio hadi zikakoma. Hakuishiwa gesi, ni kabonidayoksaidi. Mwenzake Don Shirley alihitaji zaidi ya saa 12 kupanda hadi juu. Shaw alikuwa na ujuzi ambao hakuna kati yetu anayeukaribia, na kilichomshinda kilianza na jitihada ya ziada ya dakika chache.

Mkaazi wa South B anaandika:

Nimeyasoma haya yote mara mbili, ya pili nikiwa na wenzangu mezani. Mmoja wao amekasirika kidogo, anasema mnatutisha, lakini hakuweza kuijibu hesabu ya dakika nne. Tumeamua hivi: kwenda tutakwenda, ila tutabaki kwenye sehemu iliyo wazi, mwisho mita 25, tukiona anga juu yetu wakati wote, na hakuna atakayeingia chini ya mwamba hata kuchungulia. Ndege tumeisogeza hadi Jumatatu usiku. Mafunzo ya pangoni tutayatafuta mwakani. Je, kuna tunachoweza kuanza kujifunza hapa mjini?

Kamba na Tochi anajibu:

Hapo nimefurahi, na huyo aliyekasirika mwambieni nami nilikasirika siku nilipokatazwa. Kabla ya kusafiri, waulizeni wasimamizi wa hifadhi kuhusu ruhusa ya kuzamia, kisha ulizeni kwa simu, si kwa kusoma tovuti, ni chumba gani cha matibabu ya mgandamizo kilicho karibu na kinachofanya kazi wiki hiyo. Oksijeni ya huduma ya kwanza iwe ukingoni mwa bwawa, si hotelini.

Mazoezi ya kamba hayahitaji maji. Sisi huenda Arboretum Jumapili asubuhi, tunazungusha kamba kwenye miti, tunaziba miwani kwa karatasi nyeusi na kuifuata kwa vidole, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwenye bega la aliye mbele, bila kusema neno. Wapita njia hutushangaa, na watoto hutufuata wakicheka. Mara ya kwanza nilichukua dakika kumi na moja kwa kamba ya mita 40, nikagonga mti mara mbili, na nikaiachia kamba mara moja bila kujua. Njooni Jumapili hii saa mbili, upande wa mtoni. Kamba ninayo, njooni na miwani zenu.