Siku 28 za Rehema

Kaka Salim (Dar es Salaam): Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamoo Mjomba. Nimelifikiria suala la Mama tangu aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, na naona njia iliyo nyepesi kwetu sote ni Rehema aache kazi pale kiwandani akae naye, kisha sisi watatu tuchangie kila mwezi kiasi kinacholingana na mshahara wake. Mama atahudumiwa na mtu wa damu yake, na Rehema hatapungukiwa na kitu.

Mjomba: Wa alaykum salaam, marahaba. Kabla hatujaafikiana ningependa tumsikie Rehema mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayezungumziwa na bado hajasema neno.

Rehema (Tanga): Shikamoo Mjomba, shikamoo Kaka. Mniwie radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa namgeuza Mama, kwani muuguzi alituagiza tusimwache alalie ubavu mmoja kwa zaidi ya saa 2 asije akapata vidonda, na kazi hiyo haina usiku wala mchana. Nashukuru kwa wazo la Kaka, ila nitapungukiwa, tena sana. Nimechangia NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, miezi 151, na pensheni ya uzee inataka michango isiyopungua miezi 180. Nimebakiza miezi 29 tu. Fedha mtakazonitumia kwa simu, hata zikilingana na mshahara wangu hadi shilingi ya mwisho, ni za kula mwezi huo huo. Halafu nina miaka 46. Nikitoka leo, sioni ni nani atakayeniajiri nitakapotaka kurudi.

Idi (Arusha): Shikamooni nyote. Dada, kwani sheria haikupi siku za kumuuguza mzazi? Nimewahi kusikia kuna ruhusa ya siku 4 yenye malipo.

Rehema: Ipo, lakini isome vizuri. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 mtoto wake anapougua au anapofariki, na pia anapofariki mwenzi wake, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Mtoto akiugua, yumo. Mzazi akiugua, hayumo. Kwa hiyo Mama aliyelala hapa mkono wa kulia umekufa ganzi hanipatii hata siku moja, na siku nitakayopewa kwa ajili yake ni siku ya kumzika, Mwenyezi Mungu aiweke mbali. Afisa utumishi alinishauri nitumie likizo ya mwaka, nami nimekwishatumia siku 19 kati ya 28, ambazo huhesabiwa mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nimebakiwa na siku 9. Likizo ya ugonjwa nayo ni ya mfanyakazi mwenyewe akiugua, na kwa jinsi mgongo unavyoniuma huenda nikaifikia.

Zuhura (Muscat): Dada, pole sana, sikujua kwamba likizo yako yote imeishia chumbani kwa Mama. Mimi nitalipa mshahara wa msaidizi wa kumwangalia mchana, kuanzia mwezi huu, wala sihitaji kuchangiwa.

Mjomba: Ni jambo jema, mwanangu, ila tusimwajiri binti wa watu kisha tukamgeuza kuwa Rehema wa pili. Naye ni mwajiriwa. Saa zake za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, anayo haki ya siku ya mapumziko, na pengine na yeye kamwacha mama yake kijijini. Mimi kwa miaka 71 siwezi kumnyanyua dada yangu, lakini mchana nitakuja kukaa naye na kuhakikisha amekunywa dawa za presha. Jambo moja limenikaa moyoni, nami nitalisema: sikusikia mtu yeyote humu akipendekeza Salim aache kazi.

Kaka Salim: Mjomba, nisamehe, lakini mshahara wangu ndio uliolipa hospitali.

Rehema: Ulilipa, Kaka, na Mama anakuombea dua kila alfajiri. Silalamikii fedha. Ninachokosa ni siku, na siku hazitumwi kwa simu.

Idi: Shule zikifungwa Juni nitakuja kukaa mwezi mzima, na zamu ya usiku itakuwa yangu, Dada ulale.

Kaka Salim: Mimi mwaka huu sijagusa likizo yangu, siku zote 28 zipo. Kinachonizuia, nitamke tu, ni kuona haya. Mwanamume atamwogeshaje mama yake?

Mjomba: Hakuna aliyekuambia umwogeshe. Hilo watalifanya Rehema na msaidizi asubuhi kabla Rehema hajaingia kazini. Lakini kumlisha uji, kumgeuza, kumnyoosha vidole vya mkono ule kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo alivyoelekeza, kumsomea Yasini akikosa usingizi, hayo hayana mwanamume wala mwanamke. Yeye alikubeba mgongoni kutoka Muheza ukiwa na surua, mimi nilikuwepo.

Kaka Salim: Nimekuelewa, Mjomba. Rehema, nisamehe kwa namna nilivyolianza jambo hili. Nilipanga maisha yako kama ninavyopanga bajeti ya ofisi. Kesho naomba siku 14, na wakinikubalia nitafika Ijumaa. Nyingine 14 nitaziweka kwa ajili ya Septemba, Idi akiwa darasani.

Rehema: Karibu sana, Kaka. Panda basi la asubuhi ili ufike kabla giza halijaingia, na unichukulie nepi za watu wazima pakiti 2 kubwa, kwani hapa zimekuwa ghali. Nitakuelekeza namna ya kuweka mito. Usiku huo utakuwa wako: saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10.

Kaka Salim: Na saa 8 pia?

Rehema: Na saa 8 pia, Kaka.