Diski C ya DC imejaa: ninunue SSD, nihamishe ntds.dit, au niibane?

kijana_wa_seva: Wakuu, salaam. Seva yetu ya saraka (DC, yaani domain controller, inayohakiki watumiaji wa mtandao wa ofisi) imebakiza GB 1.2 kwenye C. Bosi anataka bei ya SSD mbili za Luthuli (mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi) kufikia Ijumaa. Naona njia tatu: kununua, kuhamisha ntds.dit (faili ya hifadhidata ya saraka) kwenda D, au kuibana (kupunguza ukubwa wake) kwa ntdsutil, zana ya Windows ya kuitunza. Ipi bora?

Fundi_wa_Raki: Windows gani? DC mnazo ngapi? Ni chuma (kompyuta halisi) au mashine pepe? ntds.dit ina ukubwa gani? Unauliza bei ya dawa na hujapimwa.

kijana_wa_seva: Server 2019, mashine pepe kwenye Hyper-V (programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe). C ni GB 100, ntds.dit ni MB 180.

Fundi_wa_Raki: MB 180! Sasa hata ukiibana ikaisha kabisa utapata nini? Mlaji yuko kwingine. Fungua C:\Windows\System32\winevt\Logs. Kama logi ya Security (kumbukumbu ya matukio ya usalama) imewekwa ijihifadhi ikijaa badala ya kuandika juu ya matukio ya zamani, utakuta faili za Archive-Security zimerundikana, na Windows haizifuti kamwe. Baada ya hapo tazama logi ya DNS kama kuna mtu aliiwasha akaisahau. netlogon.log (kumbukumbu ya watu kuingia) iache, ikifika MB 20 inajizungusha yenyewe. Malizia na DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, inayosafisha mabaki ya sasisho za Windows. /ResetBase usiiguse bila sababu, hutaweza tena kuondoa sasisho zilizokwishaingia.

D_ni_ya_data: Mimi bado ni wa kuhamisha. net stop ntds, halafu ntdsutil, activate instance ntds, files, move db to D:\NTDS, move logs to D:\NTDS. Dakika kumi. Ukimaliza chukua bekapu mpya ya system state (mipangilio ya mfumo pamoja na saraka) siku hiyo hiyo.

Fundi_wa_Raki: Ahamishe MB 180 aokoe nini?

mama_bekapu: Lolote mtakalochagua, edb.log (logi ya mabadiliko yanayosubiri kuingia ntds.dit) isifutwe kwa mkono. Mchezo huwa hivi: diski inajaa, stima inapotea, seva inazimika kabla mabadiliko yaliyo kwenye logi hayajaingia ntds.dit. Mtu anaona faili za MB 10 zimejipanga, anazifuta apate nafasi. Seva ikiwaka inagoma na kosa 0xc00002e2. Njia iliyobaki ni DSRM (hali ya kuwasha DC ili kurekebisha saraka), na nenosiri lake liliwekwa siku seva ilipofanywa DC, na fundi aliyeliweka keshahama kazi. Esentutl /p (zana ya kukarabati hifadhidata) itaifungua hifadhidata, lakini kwa kutupa isichoweza kusoma. Kama kuna DC ya pili nzima, ni nafuu kuiondoa hii na kuijenga upya.

penguin_wa_Ngong_Road: Hamieni OpenLDAP (seva ya saraka ya bure) muache haya mateso.

mama_bekapu: Huko nako usipoweka maxsize (kikomo cha ukubwa) ya mdb, hifadhidata yake, unapata MB 10 tu. Ikijaa inakataa kuandika huku diski bado ina nafasi.

penguin_wa_Ngong_Road: Hiyo ni mstari mmoja kwenye usanidi.

D_ni_ya_data: Na UPS (betri ya akiba stima ikipotea) je? Stima ya wiki hii...

kijana_wa_seva: Archive-Security ni GB 61 😳 Nifute?

Fundi_wa_Raki: Uliza wakaguzi kwanza wanataka miezi mingapi. Zinazohitajika zibane kwa zip, zihamishie seva ya faili. Na kwa mashine pepe, SSD za nini? Ongeza VHDX (faili ya diski ya mashine pepe), kisha panua C. Partisheni ya recovery ikiwa imekaa nyuma ya C, Extend Volume haitabonyezeka mpaka uiondoe.

mama_bekapu: Na bado hujasema DC ziko ngapi.