Mlo wa sahani 16: tumeibiwa kwa heshima, au kuna somo kwa hoteli za Nyanda za Juu Kusini?

Mleta mada, Mbeya

Ndugu zangu, mwezi uliopita nilikwenda Dubai kufuata mzigo wa vipuri, na mwenyeji wangu akanipeleka kwenye mgahawa wa Kihindi wa kisasa ambako mteja haagizi chochote: unalipia kiti, kisha jikoni ndiko kunakoamua utakula nini na kwa mpangilio gani. Zilikuja sahani 16 ndani ya saa tatu, na bei ya mtu mmoja ilizidi ya gunia zima la mchele wa Kyela. Niliposimulia hapa Mwanjelwa, wenzangu walikata shauri papo hapo kwamba nimeibiwa kwa heshima. Mimi napinga.

Sahani ya tatu ilikuwa pani puri, kitufe chembamba cha unga kilichokaangwa kikavimba na kubaki kitupu ndani, ambacho India huuzwa barabarani kama sisi tunavyouza bajia. Mhudumu alikijaza maji ya ukwaju na mnanaa mbele yangu, akanihimiza nikitie mdomoni kizima kabla hakijalainika. Kilipasuka, ukaja uchachu, kisha pilipili, kisha harufu ya bizari nyembamba. Kilikwisha kabla sijajua nimekula nini, na nakiri kwamba nilicheka, maana njaa yangu ilikuwa ya mtu aliyeshinda ghalani.

Chakula cha Kihindi hakikuanza na heshima hiyo. Jijini London kilizoeleka kwa miaka mingi kama mlo wa bei nafuu, na ni mwaka 2001 ndipo migahawa ya Kihindi, Tamarind na Zaika, ilipopata kwa mara ya kwanza nyota za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa kwa nyota moja hadi tatu. Gaggan Anand, mzaliwa wa Kolkata, alifungua mgahawa wake Bangkok mwaka 2010, nao ukaongoza orodha ya migahawa 50 bora ya Asia kwa miaka minne mfululizo, 2015 hadi 2018. Mwaka 2025, Trèsind Studio ya Dubai ikawa ya kwanza ya Kihindi duniani kupewa nyota tatu. Dengu ni zile zile. Wapishi ndio waliokataa kupangiwa bei ya chakula cha mama zao.

Sisi tuna mchele na kakao ya Kyela, mbasa wa Ziwa Nyasa, ndizi na parachichi za Rungwe, lakini mgeni akifika hoteli kubwa anapewa chipsi kuku. Kwa nini?

Mchangiaji, Iringa

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri, ila umeruka jambo zito. Kwetu mgeni hapimiwi. Ukimwekea kijiko kimoja cha wali katikati ya sahani pana, hata kama umekipamba kwa maua, atakwenda kusimulia kwao kwamba alilala njaa, na aibu itakuwa ya mwenye nyumba. Tunanawa mikono, tunazunguka sinia, na anayetaka kuongeza anaongeza bila kuomba ruhusa ya jikoni. Pili, Dubai inapokea wageni wa dunia nzima kila usiku. Hapa Iringa watalii wengi wanapita tu kuelekea Ruaha. Viti hivyo vitakaliwa na nani mwezi wa tatu, mvua ikinyesha? Na mkulima wa mboga ya mnafu atanufaika vipi na hoteli inayonunua fungu moja?

Mleta mada, Mbeya

Kuhusu mkulima umenishika. Fungu moja halimpeleki mtoto shule, na sina jibu la haraka. Kuhusu sinia, sikumaliza kusimulia. Baada ya vile vidogo vidogo, waliweka katikati ya meza wali, mchuzi wa dengu na mikate ya moto, tukala kwa mkono na kuongeza tulivyotaka, nami nilitoka nimeshiba. Kwa hiyo sinia inaweza kubaki.

Kuhusu viti, nisingeanza na usiku saba. Ningeanza na Jumamosi moja kwa mwezi, watu 12 waliolipa mapema, ili mpishi anunue mbasa wa idadi hiyo tu na asitupe kitu. Wenye hoteli za Mbeya mliomo humu, hesabu hiyo inalipa au hailipi?