Filamu yetu ya mapenzi ya Krismasi: watazamaji 14, maoni yanagongana. Nikate wapi?

Zabibu_Chungu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Tuna filamu ya mapenzi ya Krismasi ya kurushwa kwenye runinga, tumeipiga Dodoma siku 12 za mwezi Septemba. Kituo kimetupa nafasi yenye urefu wa saa mbili, usiku wa tarehe 24 Desemba, humo humo na matangazo, kwa hiyo filamu yenyewe isizidi dakika 86. Faili wanalitaka tarehe 12. Toleo lililopo lina dakika 104.

Kisa: Neema, karani wa benki Dar, anashuka na treni ya SGR tarehe 18 Desemba kuja kula sikukuu kwa mama yake huko Mpunguzi, Dodoma, kwenye shamba la zabibu. Anakutana na Baraka, mwalimu wa kwaya, ambaye mchana ni mpima ardhi. Kaka mtu amemlipa Baraka kimya kimya apime shamba likatwe viwanja, mama hajui. Katikati Neema anamwona Baraka kamkumbatia msichana, ananuna, kumbe ni dada yake. Mwisho Baraka anapiga goti na pete mlangoni mwa kanisa usiku wa mkesha.

Sasa maoni ya watazamaji. Tisa: penzi limewahi mno. Saba waliguna kwenye kile kisa cha dada. Sita walicheka theluji (pamba kwenye mti sebuleni, na povu jeupe tulilopuliza kwenye vioo vya madirisha). Watano: "hiyo Desemba gani shamba limekauka hivyo?" Wanne hawakusikia maneno kwenye sini ya kwaya. Mama mmoja kauliza mshenga yuko wapi. Kijana mmoja anataka wabusiane dakika ya 20. Na mmoja anasema iwe kama za Marekani, theluji iongezwe.

Nimfuate nani? Hela iliyobaki inatosha siku moja tu ya kupiga tena, waigizaji wawili na kamera moja.

Mkasi_Mrefu

Usihesabu kura, mkuu. Mtazamaji anajua vizuri panapomuwasha, dawa ndiyo haijui. Rudi kwenye karatasi za maoni, kila lalamiko liandikie dakika lilipoanzia. Utakuta wale tisa wa "penzi limewahi" na wale saba wa dada wanalia na kitu kimoja: hawaoni kinachowatenganisha hawa wawili, kwa hiyo hawaoni cha kufurahia wakirudiana.

Kizuizi cha dada kinakufa kwa swali moja tu, "yule ni nani?" Mtazamaji anakaa anasubiri Neema aulize, na Neema hataki kuuliza kwa sababu skripti imemkataza. Wakati huo huo una kizuizi halisi umekilaza kitandani: Baraka amepanda bikoni (alama za mipaka za wapima ardhi) kwenye shamba la mama mkwe mtarajiwa! Dodoma ya leo, tangu serikali ianze kuhamia 2016, kila familia yenye shamba karibu na mji inayajua maneno "tumepima". Huhitaji kumwelezea mtu. Siri hiyo inafichuka dakika ya ngapi? Kama ni kabla ya dakika 55, isogeze mpaka kati ya 58 na 63. Toa sini zote za dada.

Kuhusu kuwahi kwa penzi, mengi yanarekebishika mezani bila kamera. Kwanza kalenda. Mtu aliyeshuka tarehe 18 akavishwa pete tarehe 24 ana siku sita, hata ungeigiza vipi. Piga picha moja ya karibu ya kalenda ya ukutani au tiketi, ashuke tarehe 8, na kila mstari unaotaja tarehe urudiwe sauti. Pili, futa kila "nakupenda" iliyo kabla ya dakika ya 75. Penzi la filamu hizi mtazamaji hulisoma kwenye mikono: wanafunga matawi ya mizabibu pamoja, wanabeba viti vya kwaya, anamshikia kipimio. Kazi tatu za pamoja zinatosha, na kila moja Baraka ajue kitu kipya kumhusu Neema. Kama sini mbili zinampa jambo lile lile, moja ni ya kutupa.

Urefu: Hallmark, kituo cha runinga cha Marekani, ambao msimu wao wa filamu za Krismasi wa Countdown to Christmas ulianza 2009, filamu zao huwa chini kidogo ya dakika 90 ndani ya saa mbili, na huzikata vipande tisa. Kipande cha kwanza ndicho kirefu kuliko vyote ili mtu asihame chaneli kabla hajawajua wahusika, vinavyofuata vinafupika. Waulize kituo chako wana mapumziko mangapi ya matangazo, kisha kila kipande kiishie kwenye swali dogo: bahasha haijafunguliwa, simu inaita jina la kaka mtu. Kisiishie kwenye watu wanaagana getini. Na mageti hayo! Gari linafika, mlango unafunguliwa, salamu, wanaingia, wanakaa, soda inaletwa. Kata yote, anzia soda ikiwa nusu.

Maiki_ya_Manyoya

Sini ya kwaya usiiongeze sauti kwa nguvu, utapandisha na mwangwi wa kanisa. Waigizaji waitwe studio warudie maneno, chumba chenye magodoro au mapazia mazito, maiki ya aina ile ile mliyotumia siku ya kupiga, sentensi moja moja huku wakijitazama. Chini yake weka sauti ya kanisa tupu. Kama hamkurekodi, nenda na kinasa sauti ukachukue dakika moja nzima, feni zikiwa zimezimwa. Kwaya yenyewe ishushwe pale tu midomo inapofunguka, ipande tena kwenye pumzi.

Shambani angalia upepo. Septemba na Oktoba Dodoma unavuma mchana kutwa, na maiki ya kifuani iliyowekwa juu ya kitenge bila manyoya hutoa mgurumo usioondoka. Kata masafa ya chini ya Hz 80 hivi, kinachobaki kirudiwe studio.

Na kabla hamjapiga tena: taa za mti wa Krismasi ziwekeni ziwake moja kwa moja, zisipepese. Zikipepesa, ukiunganisha shoti mbili taa zinaruka kutoka nyekundu kwenda kijani katikati ya neno. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, maana umeme wetu ni wa Hz 50 na taa za LED za bei rahisi huchora mistari ukitumia kasi nyingine. Sauti ya mwisho waulize kituo. Wengi wanaofuata viwango vya runinga vya Ulaya hutaka -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), na ukipeleka iliyobanwa kama ya mtandaoni itarudishwa.

Bibi_wa_Kikuyu

Mwanangu, huyo mama mmoja msikilize kuliko wote. Goti na pete mlangoni mwa kanisa, wazazi hawajui, barua ya posa haijaandikwa? Wazee wote watauliza "huyu katoka wapi?" Wala pete usiitupe. Baraka ampigie mshenga simu mbele ya Neema, au mzee wa kwaya atokee na barua mkononi aelekee kwa mama. Hapo goti linakuwa na uzito, kwa sababu kijana anaenda kumkabili mama aliyemkosea shamba.

Mama naye anazungumza kama msoma taarifa ya habari. Mama wa Mpunguzi akimpokea binti aliyetoka Dar atasema "Mbukwenyi" kwanza, atamwuliza amekula nini njiani, ndipo mambo ya kazi. Maneno mawili matatu ya Kigogo yanatosha, msimgeuze kichekesho.

Mkasi_Mrefu

Naunga mkono, bibi. Na kijana wa busu la dakika ya 20, mwacheni apite. Filamu hii inatazamwa sebuleni mkesha wa Krismasi, baba yupo, mashemeji wapo. Busu likija mapema baba anachukua rimoti. Wanaotengeneza hizi filamu huliweka dakika za mwisho kabisa kwa sababu likishatokea hakuna tena cha kusubiri. Nyuso kukaribiana halafu mtu akaingia na sufuria, mara moja ruksa. Mara mbili watu wanakuchoka.

Punje_Changa

Swali kuhusu shamba. Neema anachuma zabibu zilizoiva?

Zabibu_Chungu

Ndiyo, vichala vyeusi kabisa, tulikuta vimeiva.

Punje_Changa

Basi hao watano wamekuonea huruma, wangesema zaidi. Mzabibu huku huvunwa takribani miezi minne baada ya kupogolewa. Shamba lililopogolewa Novemba, Krismasi lina majani mabichi na maua au vipunje kama njegere. Ili uchume Desemba ungepogoa katikati ya Agosti. Inawezekana, lakini aliyelima atataka kusikia. Mama aseme tu: "mwaka huu tulipogoa Agosti, ndiyo maana." Sekunde nne, imekwisha.

Nyasi kavu usizipake kijani kwenye kompyuta. Kijani hicho kinaingia kwenye ngozi na kitenge, na mibuyu isiyo na majani nyuma inakusuta, kwa sababu Desemba huwa imeshachipua. Badala yake fanya mvua zimechelewa. Ni jambo la kawaida kabisa Dodoma, msimu ukisitasita Desemba nzima watu wanaangalia mawingu. Mstari mmoja redioni, mmoja wa mama, na ukavu wote uliopiga Septemba unakuwa sehemu ya kisa.

Mkasi_Mrefu

Hapo umemaliza kazi, mkuu. Za Marekani nyingi hupigwa Kanada, mara nyingi kiangazi, theluji ni karatasi na povu, waigizaji wanatokwa jasho ndani ya makoti. Wanahangaika vile kwa sababu theluji kwao ndiyo inayotangaza kwamba sikukuu imefika. Kwetu Dodoma anayetangaza ni mvua. Ichelewe filamu nzima, inyeshe usiku wa mkesha. Siku yako moja itumie huko.

Pamba ya sebuleni iache, nyumba nyingi tu na maduka huweka pamba kwenye mti, ni kweli yetu. Povu la vioo ndilo la kuondoa.

Zabibu_Chungu

Nimepima: sini nne za dada ni dakika 11 na sekunde 20. Mageti, magari na soda dakika 4 na sekunde 10. Picha za droni dakika 3 na ushee. Jumla kama 18 na nusu, nafikia 85 na nusu. Ila nikiongeza mvua na ugomvi wa bikoni nazidi tena. Na mvua naipataje? Nikisubiri ya kweli tarehe 12 itanipita.

Maiki_ya_Manyoya

Ugomvi dakika tatu, mvua moja na nusu. Ukitoa "nakupenda" zile na sini moja inayorudia, unarudi chini ya 86.

Mvua ya kutengeneza: piga usiku, fremu nyembamba, upana wa mita 3 au 4 tu. Tangi la lita 1,000 na mipira miwili ya bustani yenye vichwa vya kunyunyizia inakupa kama dakika 25. Usikodi pampu ya inchi mbili, inamaliza tangi kwa dakika mbili na matone yanakuwa kama bomba limepasuka. Elekeza maji juu ili yaanguke yenyewe. Safu moja nyuma ya waigizaji, nyingine karibu na lenzi, wao katikati wanalowa kidogo tu.

Kosa la wengi ni kuweka taa upande wa kamera: maji hayaonekani kabisa, unapata watu waliolowa bila sababu. Taa kuu iwe nyuma ya mvua, ikitazama kamera kwa mshazari. Itumie betri. Waya wa jenereta usipite kwenye maji.

Maneno yote yaishe kabla mvua haijaanza. Tone la kwanza kwenye bati, wanatazama juu, kimya. Sauti ya mvua kwenye bati irekodiwe peke yake: mtu mmoja, mpira mmoja, bati moja.

Bibi_wa_Kikuyu

Na mama atoke nje bila mwavuli.

Faili_Namba_Saba

Msisahau karatasi. Filamu ipite Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja kabla ya kurushwa, na ukibadilisha mwisho peleka toleo la mwisho, si lile la dakika 104. Siku ya kupiga tena angalia kama kibali chenu bado kiko hai. Stesheni ni eneo la TRC (Shirika la Reli), droni ni ya mamlaka ya anga, kila moja na barua yake. Kwaya: hata kama mtunzi wa wimbo alikufa karne ya 19, tafsiri ya Kiswahili inaweza kuwa na mwenyewe, na wanakwaya wana haki zao kwenye sauti mliyorekodi. Pata saini ya mwalimu na ya kanisa, kisha COSOTA (ofisi ya hakimiliki).

Zabibu_Chungu

Nashukuru sana wakuu. Bado moja: Neema alikuwa amesuka twende kilioni, ameshafumua. Tunapiga Jumamosi.

Bibi_wa_Kikuyu

Asuke Jumatano, si Ijumaa. Msuko wa jana unang'aa mafuta na ngozi imevutwa, mtu ataona mara moja. Msusi apewe picha ya sini inayotangulia, ya mbele na ya kisogoni, ahesabu mistari. Na usiku asilale bila kilemba.