Migahawa ya samaki Malaysia na bei ya "gramu 100": huu ni uungwana gani?

Wakuu, nawasalimu. Ninaandika nikiwa bado na hasira, lakini nitajitahidi kueleza kwa utaratibu, kwa kuwa najua humu wamo wanaosoma au kufanya kazi Malaysia na wengine wanajiandaa kuja.

Sina ugomvi na chakula cha nchi hii. Aliyekulia wali wa nazi hawezi kujiona mgeni mbele ya nasi lemak, wali uliopikwa kwa tui na majani ya pandan, ukawekewa sambal (pilipili ya kusaga), dagaa wa kukaanga, karanga, tango na yai. Roti canai wanayopika Wahindi Waislamu, ambao hapa huitwa mamak, ni ndugu kabisa wa chapati yetu, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kifungua kinywa wa Malaysia katika orodha ya urithi usioshikika. Huko kwa mamak unalipa ringgit (fedha ya Malaysia) chache na unaondoka umeshiba.

Kero yangu ni migahawa ya samaki wa kwenye matangi. Tulikuwa Penang, kisiwa cha Malaysia, kundi la marafiki kutoka Dar es Salaam na Mombasa pamoja na mgeni wetu aliyekuja kutembea. Mchana tulikunywa mchuzi wa asam laksa, tambi za mchuzi mchachu wa samaki, hadi tukatokwa na jasho, na jioni tukaenda kutafuta samaki kando ya bahari. Mhudumu alimnyanyua siakap, aina ya samaki anayependwa huku, kwa wavu na kumsifia mbele yetu. Ubaoni kulikuwa na bei iliyoonekana nafuu, na chini yake, kwa maandishi ambayo lazima uiname ndipo uyaone, "100g". Tulipouliza samaki yule ana uzito gani, tulijibiwa kwamba ni "wa kati", kisha akapelekwa jikoni bila kupimwa mbele yetu. Mezani tukaletewa karanga na taulo za karatasi ambazo hatukuagiza, na zote mbili tukazikuta kwenye bili.

Bili ilikuja na uzito ulioandikwa kwa kalamu, juu yake asilimia 10 ya huduma na asilimia 6 ya kodi. Kodi ni ya serikali, sina neno. Nilipoomba kuonyeshwa mzani, msimamizi alinijibu, bila hata kuona haya, kwamba mzani uko jikoni na samaki tumeshamla.

Tafadhali msinijibu kwamba tatizo ni ugeni wetu. Mwaka 2021 Wamalaysia wenyewe walipigwa na butwaa huko kisiwani Langkawi, siakap mmoja wa kilo 7.48 alipotozwa ringgit 1,196.80. Hesabu yake ilikuwa ringgit 16 kwa kila gramu 100, yaani 160 kwa kilo, na tarakimu ile ya 16 ndiyo inayomtuliza mteja anapopitisha macho. Ninafahamu kuwa ipo Sheria ya mwaka 2011 ya kudhibiti bei na ulanguzi, na mwenye mgahawa atasema kwamba bei ameibandika. Nani duniani ananunua gramu 100 za samaki mzima aliye hai? Pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, pamoja na kelele zote za madalali, samaki unamgeuza, unamkagua, na mnakubaliana bei kabla hajaguswa na kisu.

Kilichoniuma kuliko fedha ni mgeni wetu. Tangu jioni ile alikataa kuonja chochote kisicho na bei nzima iliyoandikwa, akawa anakula kuku wa kukaanga wa migahawa ya kimataifa hadi siku ya safari. Ikan bakar, yaani samaki wa kuchoma, aliyefungwa kwenye jani la mgomba, ambaye nilikuwa nimemwahidi tangu kabla hajapanda ndege, hakumgusa.

Nimesikia kwamba lipo Baraza la Madai ya Walaji ambako shauri hufunguliwa kwa ada ya ringgit 5. Aliyewahi kulifikia anieleze alipeleka ushahidi gani na alijibiwa nini. Risiti na picha ya ubao ninavyo. Uzito wa samaki ndio sina namna ya kuuthibitisha.