Gari la umeme: breki inayojishika yenyewe, niiache au niizime?

Wakuu, gari langu lina kitufe cha kushika breki. Nikishasimama naondoa mguu na gari linabaki palepale, hata mlimani. Kwenye foleni ni raha tupu. Kasheshe ni kuegesha: nataka lisogee taratibu hadi karibu na ukuta, linaganda, nikigusa akseleta linachupa. Halafu, breki hazitachakaa kwa kushikwa muda wote huo?

— Breki haichakai hivyo, ndugu. Pedi huliwa inaposugua diski inayozunguka. Gari likisimama hakuna msuguano, ni presha tu iliyofungiwa kwenye mfumo. Tena taa za breki hubaki zinawaka, aliye nyuma anakuona.

— Kuegesha, zima. Kitufe kipo kwa ajili hiyo. Kama gari lako lina hali ya kutambaa (gari kusogea lenyewe taratibu ukiachia breki), iwashe, kisha cheza na pedeli ya breki peke yake. Na ukiingia kwenye mashine ya kuoshea inayovuta gari, zima pia na uweke N (gia huru), la sivyo magurudumu yatagoma.

— Naongeza moja: hiyo ya kitufe si breki ya maegesho. Magari mengi ukifungua mkanda au mlango, breki ya maegesho hujifunga yenyewe, lakini mimi siachii kompyuta kazi hiyo. P (gia ya kuegesha) kwanza, ndipo nishuke.

— Asanteni. Hali ya kutambaa nimeiona kwenye menyu, ilikuwa imezimwa. Ila mke wangu naye anataka ibaki imezimwa, hapo sasa!